Laki mbili za Kitale

Baridi ya Kitale haina adabu na mtu wa pwani. Niliondoka Mombasa mchana, nikalala garini, nikashuka kesho yake asubuhi, mwezi wa Agosti mwaka 2024, nimejitanda kikoi juu ya koti, na vijana wa stendi wakanicheka wazi wazi. Sikujali. Dadangu alikuwa amenipigia simu siku tatu mfululizo, na maneno yake yalikuwa yayo kwa yayo: "Kaka, njoo. Shemejiyo yuwataka kuuza shamba."

Msomaji huenda akauliza, mtu wa Mombasa ana dada gani Kitale? Njia baina ya pwani na nchi zilizo chini ya mlima Elgon ni ya zamani. Waswahili wa misafara waliofika kwa Nabongo Mumia katika karne ya 19 waliacha huko dini, lugha na vizazi, na wazee wa Kitale husimulia mpaka leo kwamba mji wao nao ulikuwa kituo cha misafara. Hawasimulii kwa majivuno, kwa kuwa wengi waliopitishwa hapo, kwa masimulizi hayo, walikuwa wamefungwa minyororo. Dadangu yeye hakwenda kwa msafara. Aliposwa na fundi mmoja mpole aliyekuja Mombasa kujifunza ushonaji wa kanzu, akamfuata kwao, na huu ni mwaka wa ishirini na kitu anakula ugali wa mahindi mapya na kulalamika kuwa hakuna nazi.

Fundi huyo, shemeji yangu, ana cherehani mbili kwenye baraza ya duka la kupanga karibu na soko, na ekari mbili za mahindi upande wa Kiminini alizorithi kwa babake. Si tajiri wala si mwombaji. Binti yake mkubwa amesomeshwa kwa sare za watoto wa watu, zilizoshonwa usiku baada ya sala ya isha. Naye binti hakumtia aibu. Alifanya mtihani wa kidato cha nne mwishoni mwa 2023, akapita, na KUCCPS, idara ya serikali inayogawa nafasi za vyuo, ikampa nafasi katika chuo kikuu. Chuo chenyewe sitakitaja. Yaliyotokea si makosa yake.

Barua niliikuta juu ya meza ya cherehani, imekunjwa mara nne, pembe zimeingia mafuta ya mashine. Ndani yake mlikuwa na orodha: ada ya masomo, usajili, maktaba, mitihani, kitambulisho, matibabu, chama cha wanafunzi, fedha za dhamana endapo mwanafunzi atavunja kitu. Chini kabisa, jumla ya mwaka. Ilikuwa karibu na shilingi 200,000, nami nitaiita laki mbili kamili ili hesabu zisitutoe jasho. Shemeji alikuwa ameipigia mstari jumla ile kwa chaki ya kukatia nguo. Mistari ya juu hakuisoma. Aliona kwamba serikali inamwita alete laki mbili, na mnunuzi wa shamba alikuwa amekwisha kuja mara mbili kulipima kwa macho.

"Shemeji," akaniambia, "ardhi ni ya nini kama si ya watoto?"

Nilikosa la kumjibu. Waama mtu aliyehitimu Qur'ani utotoni hudhani hakuna maandishi yatakayomshinda. Niliishika karatasi ile, nikaisoma juu chini, nikaijua kila neno, na maana yake ikanipita.

Jioni binti alinifuata uani nilipokuwa natawadha.

"Mjomba, kuna fomu," akasema. "Ukiijaza, serikali huangalia hali yenu, halafu hulipa sehemu. Baba hataki niijaze."

"Kwa nini?"

"Kijana wa saiba alimwambia ni fomu ya mkopo, na mkopo una riba."

Hapo ndipo nilipoujua ugonjwa. Shemeji hakuwa bahili wala mkaidi. Alikuwa amechaguzwa, kwa alivyoelewa, baina ya shamba na riba, na kama Mwislamu mwenye kumcha Mola wake akaamua ni heri shamba liende. Swali ambalo hakuna aliyemwuliza ni kama kweli njia zilikuwa mbili tu.

Sisi wa pwani neno hili "chuo" tunalijua tangu utotoni, lakini chuo chetu kilikuwa cha mwalimu na mkeka. Nilikosoma mimi, kila Jumatano jioni mtoto alimpelekea mwalimu senti zake, na asiyekuwa nazo alichota maji au alileta kuni, na asiyeweza hata hayo alisoma vivyo hivyo. Mwalimu alijua nani ni nani. Alimjua baba aliyekwenda baharini akarudi mtupu, na mama mjane wa mtaa wa pili. Kumbe ndiyo kazi ile ile wanayojaribu kuifanya leo huko Nairobi kwa tarakilishi, ila mwalimu wetu aliifanya kwa kutazama tu nani amekuja chuoni bila kiamsha kinywa.

Na mambo hayakuwa hivi siku zote. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Kenya alisomeshwa na serikali, tena akapewa fedha za mkononi, zile walizoziita "bumu". Mpango wa mikopo ulikuwapo tangu 1974, lakini waliokopa wengi hawakurudisha, na wasimamizi hawakuwa na nguvu za kuwafuata. Mwaka 1991 serikali ikasema gharama zigawanywe, mzazi naye atoe. Mwaka 1995 ikaundwa kwa sheria Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, kukopesha na kudai. Kisha mwezi wa Mei 2023 Rais William Ruto akatangaza mtindo mpya: chuo hakitapewa tena fedha kwa jumla, bali kila mwanafunzi atapimwa kwa hali ya kwao. Binti yetu aliingia katika mwaka wa pili wa mtindo huo, wakati ambapo hata walimu wa shule walikuwa hawajaweza kuwaeleza wazazi.

Dadangu akakumbuka mtu. Kuna mzee mmoja Bungoma, alisema, rafiki wa marehemu babake shemeji, aliyefanya kazi ya ukarani wa hesabu vyuoni mpaka akastaafu. Tukapanda matatu asubuhi, mimi na binti. Babake alikataa kufuatana nasi, ana sare za kumaliza. Tukapita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, mpaka Webuye, ambako zamani kiwanda cha karatasi kilinukia maili nzima na sasa husikii harufu yoyote, tukaingia Bungoma.

Ulikuwa mwaka wa tohara. Wabukusu hutahiri katika Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili, na barabara zilijaa vijana wakigonga njuga zao, chinyimba, huku jamaa wakiwafuata kwa nyimbo. Mpanda bodaboda aliyetubeba alinieleza kwamba kijana hana budi kwenda kwa mjomba wake kabla ya siku yake, na mjomba humchinjia ng'ombe na kumvisha nyama shingoni. "Mjomba asipotoa," akasema, "watu watasema." Nilimtazama mpwa wangu aliyekaa nyuma yangu, naye akatazama kando kwa haya. Sikuwa na ng'ombe.

Kijana yule wa bodaboda naye alikuwa na habari yake. Aliposikia tunakwenda kuuliza habari za ada, alicheka bila furaha. Alikuwa mwanafunzi, akasema, alichukua mkopo, fedha za kujikimu zikawa zinaingia kwenye simu, na simu hiyo hiyo ilikuwa na kamari ya mpira. Mwaka wa pili alitoka. "Nilidhani nikiacha chuo na deni linaacha," akasema. Halikuacha. Mkopo hudaiwa kwa aliyemaliza na kwa aliyeishia njiani.

Mzee alitupokea chini ya mwembe, nje kidogo ya mji, kwenye njia inayokwenda Chwele kupitia Chuo Kikuu cha Kibabii. Alituletea chai na ndizi, akaomba karatasi, akavaa miwani. Alisoma kimya kwa muda mrefu hata nikadhani amelala. Kisha akamwambia binti, si mimi:

"Mwanangu, hii inakwambia masomo yako yanagharimu kiasi gani. Haijakwambia wewe utalipa kiasi gani."

Akaomba daftari, akapiga mistari mitatu ya kwenda chini.

Safu ya kwanza akaiita ufadhili wa serikali. Fedha hizi hulipwa moja kwa moja kwa chuo, mwanafunzi hazioni kwa macho, na hazirudishwi. Safu ya pili, mkopo wa HELB. Huu una sehemu mbili: moja huenda chuoni kufidia ada, nyingine humjia mwanafunzi mwenyewe ya kujikimu, na zote mbili ni deni lenye riba ya asilimia 4 kwa mwaka, linaloanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Safu ya tatu, mchango wa nyumbani.

Ukubwa wa kila safu hutegemea kundi atakalopangwa mwanafunzi, na makundi ya mwaka ule yalikuwa matano. Wa kundi la kwanza, wale ambao mapato ya nyumbani hayafiki shilingi 6,000 kwa mwezi, walitengewa ufadhili wa asilimia 70, mkopo 25, na nyumbani watoe 5. Kundi la pili, ambalo kikomo cha mapato kilikuwa shilingi 23,670 kwa mwezi, lilipewa ufadhili 60, mkopo 30, nyumbani 10. Mizani ilishuka hivyo hadi kundi la tano, wenye mapato ya kupita shilingi 120,000, ambao ufadhili wao ni 30, mkopo 30, na 40 hutoka mfukoni mwa mzazi.

"Babako hupata ngapi kwa mwezi?" akauliza.

Binti alifikiri. "Mwezi wa kufungua shule, nyingi. Miezi mingine, hata kodi ya duka ni taabu."

"Basi tuseme kundi la pili." Akaandika kwa mwandiko ule wa makarani wa zamani, tarakimu zimesimama kama askari. Katika laki mbili, ufadhili ni 120,000. Mkopo wa ada ni 60,000. Nyumbani ni 20,000 kwa mwaka mzima, yaani 10,000 kila muhula.

Binti aliichukua kalamu akaikokotoa tena mwenyewe. Nilimwona akiifuata kila sifuri kwa ncha ya kidole. Elfu ishirini! Babake alikuwa anauza shamba kwa ajili ya laki mbili, na huenda asingedaiwa ila elfu ishirini.

"Usifurahi upesi," mzee akamkatiza, naye alikuwa na haki. Asilimia zile ni za ada ya masomo. Kitanda cha bweni ni mbali, chakula ni mbali, na yale mambo madogo madogo yaliyo katikati ya orodha, usajili na matibabu na dhamana, chuo huweza kuyadai kwa mwanafunzi mwenyewe siku ya kufika. Kwa kujikimu, kundi la pili liliwekewa mkopo wa shilingi 55,000 kwa mwaka. Akaandika tena: 60,000 na 55,000 ni 115,000. Mara miaka minne ni 460,000. "Hili ndilo deni la mtoto anayechukua kila kitu. Ni kubwa. Mwajiri hulikata kwenye mshahara. Ukitafuta kazi ya maana huulizwa cheti cha HELB cha kuonyesha hudaiwi au unalipa. Sisemi usichukue. Nasema ulione kabla ya kulitia sahihi, na usilione kwanza siku ya kutafuta kazi."

Kisha akatueleza jambo ambalo, kwa maoni yangu, lingefaa kubandikwa katika kila mlango wa msikiti na kila duka la saiba. Ufadhili na mkopo husafiri kwa njia yao, kutoka Nairobi. Karatasi ya ada husafiri kwa njia nyingine, kutoka chuoni. Njia hizi mbili hukutana mahali pamoja tu, katika hesabu ya mwanafunzi kwenye vitabu vya chuo. Siku ya kwanza utaandikiwa unadaiwa ada nzima, kwa sababu fedha za Nairobi hazijafika, na mara nyingi huchelewa. Mwanafunzi asiyejua hukimbia nyumbani akilia, na baba huuza ng'ombe. Anayejua huchukua barua yake ya ufadhili, huenda kwa karani wa hesabu, huomba taarifa ya hesabu yake yenye safu za kudaiwa na za kulipiwa, na huikagua kila muhula kuona kilichotarajiwa kimeingia. Basari ya eneo bunge nayo ni vivyo hivyo: hundi huandikwa kwa jina la chuo, na asipofuatilia mtu, yaweza kukaa bila kuingizwa kwa jina la mwenyewe.

Nikauliza lile lililonileta. "Mzee, na asiyetaka riba?"

Aliondoa miwani. Si Mwislamu yule, lakini alikuwa amekaa na Waislamu wa Mumias na Bungoma umri wake wote. "Fomu ni moja," akasema, "lakini ndani yake unaomba vitu viwili. Unaweza kuomba ufadhili na mkopo, au ukaomba ufadhili peke yake. Nani aliwaambia mfunge mlango mzima kwa ajili ya dirisha moja?"

Nilinyamaza. Nilikumbuka kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, haikuja kwa habari za vita wala za mirathi. Ilikuja kwa habari ya deni: liandikwe, muda wake utajwe, mwandishi awe mwadilifu, mashahidi wawepo, na anayedaiwa ndiye atamke yeye mwenyewe kinachoandikwa, ili asibambikiwe. Tumeisoma tukiwa watoto, tukaimba matamko yake, tukapigwa kwa makosa ya ghuna. Halafu tunatia sahihi karatasi za saiba bila kuzisoma, au tunazikataa bila kuzisoma, na baina ya hayo mawili sijui lipi ni aibu zaidi.

Njiani kurudi, binti alikuwa anakariri safu zake tatu kama mtoto wa chuo anavyokariri aliflam. Nikamtungia ubeti mmoja kwenye tiketi ya matatu, si kwa kujionyesha, ila mashairi hukaa kichwani kuliko hesabu:

Karatasi isomeke, kila mstari uone,
Ruzuku na itengeke, na deni zisishikane,
Mchango nao uweke, mahala pake pengine,
Kalamu isiondoke, hadi hesabu zinene.

Akaucheka. Akasema mshororo wa tatu ni wa kujazia. Nadhani atasoma vizuri.

Shemeji tulimkuta barazani. Hakusimamisha mashine, lakini alipunguza mwendo wa miguu, na mtu anayemjua fundi hujua kwamba hapo anasikiliza. Binti alimsomea daftari. Alipofika kwenye neno "haurudishwi" mashine ikasimama.

"Hata senti?"

"Hata senti, baba. Na unaombwa peke yake."

Kuhusu mkopo hakubadilika, na mimi sikujaribu kumbadilisha. Mimi ni mtunga mashairi, si mufti. Najua Waislamu waliochukua mkopo ule wakitaja dharura, na najua waliouacha, na kila mmoja ana sheikh wake. Lakini tusidhani jambo hili haliwezi kupangwa namna nyingine. Tanzania, mkopaji wa bodi yao alikuwa akitozwa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kulinda thamani ya fedha. Siku ya Mei Mosi 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza tozo hiyo iondolewe, na mwezi wa Julai ikaondoka. Uingereza nako sheria ya mwaka 2017 iliruhusu kuanzishwa fedha za masomo zisizo na riba, ingawa miaka ilipita na vijana wa Kiislamu huko wakawa bado wanangoja. Kwa hiyo anayeuliza hapa kwetu hafanyi ushupavu wa dini. Anauliza swali ambalo serikali nyingine zimekwisha kulisikia.

Shemeji alitaja pia njia ya mkato: binti aachane na mbali, asome pale pale, Politekniki ya Taifa ya Kitale. Si neno baya. Ada ya vyuo vya ufundi ilikuwa imepangwa mwaka 2018 kuwa shilingi 56,420 kwa mwaka, serikali ikitoa 30,000 na mwanafunzi 26,420, na mtindo mpya nao ukawaingiza katika ufadhili na mikopo. Mdogo wake anayependa magari huenda akafika huko. Lakini binti hakuitwa kwa ufundi, na mamake alisema neno moja tu, "Hapana," akarudi jikoni.

Usiku ule tukajaza fomu kwa simu yangu, kwenye mwanga wa taa ya cherehani: namba za mitihani, vitambulisho vya wazazi, cheti cha kuzaliwa, idadi ya watoto nyumbani na wanaosoma. Nasihi yangu kwa wazazi ni kwamba fomu hii mwanafunzi asiijaze peke yake saiba, huku kijana wa duka akimharakisha kwa kuwa foleni ni ndefu. Mizani ile hupima kwa kinachoandikwa. Ukiacha kumwandika ndugu anayesoma, au ukakisia mapato ya baba kwa mwezi wa neema, umempandisha kundi mwenyewe. Mwaka ule wa 2024 vijana wengi walilalama kuwa wamewekwa na watoto wa matajiri, na wakakata rufaa katika tovuti ile ile. Baadhi yao walipunjwa na mizani. Baadhi, nakhofia, walijipunja kwa haraka.

Majibu yakatoka: kundi la pili, kama mzee alivyokisia chini ya mwembe wake. Ufadhili, asilimia 60. Mkopo hakuuomba. Kwa hiyo nyumbani wakabakiwa na ile 60,000 ya mkopo na 20,000 ya mchango, jumla 80,000 kwa mwaka, 40,000 kila muhula, na juu yake kitanda na chakula. Ni fedha nyingi kwa fundi. Lakini si laki mbili, na mnunuzi aliporudi mara ya tatu, dadangu alimpa chai akamwaga.

Mengi yametokea tangu hapo. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mtindo ule unakiuka Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikaisimamisha hukumu hiyo, na wanafunzi wakaendelea kupangwa. Mwaka 2025 serikali ikatangaza ada za vyuo vikuu zipunguzwe kuanzia Septemba. Huenda msomaji atakapoitwa mwanawe asilimia ziwe nyingine kabisa. Safu zitakuwa zile zile tatu.

Binti naye amekwisha kuonja. Muhula wa kwanza tu alipofika, taarifa yake ilionyesha anadaiwa kila kitu, na mabinti wawili wa chumbani mwake walifunga virago. Yeye alinipigia simu, sauti inatetemeka kidogo. "Mjomba, safu ya kulipiwa ni tupu." Nikamwuliza barua ya ufadhili iko wapi. Akasema anayo mkononi, yuko kwenye foleni ya ofisi ya hesabu, alitaka tu kusikia mtu. Akawarudisha na wale wawili.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku niliyokuwa naondoka Kitale, ndugu yake shemeji, muuza nyama, alikuja na shilingi 40,000 za muhula wa kwanza, amezifunga kwenye gazeti. Alisema hataki nyongeza hata ya ndururu, ni qardhi, na hataki maandishi baina ya ndugu. Shemeji ndiye aliyetaka maandishi. Akamwita binti na daftari lake lile lile, akamketisha upande wa pili wa cherehani. Mashahidi tukawa wawili, mimi na mwadhini wa msikiti wa jirani aliyekuwa amekuja kuchukua kanzu yake.

Shemeji alitamka pole pole, naye binti akaandika: nimepokea kwa ndugu yangu, kiasi kadha, kwa ajili ya kadha. Kisha kalamu ikasimama.

"Tarehe ya kulipa, baba?"

Akatazama upande wa Kiminini, ijapokuwa kutoka barazani shamba halionekani.

"Mahindi tutavuna Novemba," akasema. "Tuyakaushe, tuyapeleke sokoni. Andika mwisho wa Desemba."